Sahani ya Majani, Mguu Unaonuka

Toleo lililopita niliishia pale wifi yangu aliposimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema ameita kikao cha ukoo na ajenda ni mimi.

Kwa aliyekosa yaliyotangulia, habari ni hii. Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha viatu. Mwaka huu nilipimwa nikaambiwa nina kisukari. Daktari akanipa vidonge, na mshauri wa lishe akanichorea sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au dengu, robo nafaka isiyokobolewa. Nyama niiage. Mume wangu, fundi wa mafriji, akaapa mbele ya watoto kabla hawajarudi shule ya bweni kwamba atakula ninachokula, nisione upweke. Nikamwamini.

Kisha akaletwa mama yake. Naye ana kisukari, cha zamani kuliko ndoa yetu, na alikuja na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Daktari akasema sindano zake asiache hata siku moja, na chakula chake kiwe kama changu. Basi chungu kikawa kimoja, wagonjwa wawili. Sukari yangu ikashuka. Ya mama mkwe ikapanda kama moshi wa kuni mbichi.

Ndiyo maana ya kikao.

Walikaa kwenye makochi yangu, wakanywa chai yangu, wakanihukumu. Mwenyekiti alikuwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, mtu ambaye hajawahi kunijulia hali nikiwa mzima wala mgonjwa. Alionja chai, akakunja uso.

"Chai hii imefiwa na nani?"

"Haina sukari, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Nyumba hii ina wagonjwa wa kisukari."

"Mimi si mgonjwa."

Wifi hakusubiri kikao kifunguliwe. Ana duka la mikate na keki, na amezoea kusema yeye wateja wakasikiliza.

"Mwangalieni," akasema, kidole kikinielekea usoni. "Ngozi inang'aa kama kaoshwa kwa maziwa. Halafu mwangalieni mama. Kakauka kama ufagio. Wanaumwa ugonjwa mmoja, wanakaa nyumba moja. Kwa nini mmoja anapona na mwingine anaoza?"

"Tunakula sufuria moja, wifi."

"Basi hiyo sufuria ina macho. Inachagua."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mguu wake umelazwa juu ya stuli, umezungushiwa bendeji. Akaulizwa ana neno gani. Akavuta kanga yake mabegani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe wote:

"Sina neno na mke wa mwanangu. Ananipa majani, nakula majani. Mbuzi naye ana siku zake za kuishi."

Wifi akapangusa machozi ambayo sikuyaona.

Baba Mkubwa akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Unasemaje?"

Mume wangu alikuwa anakwangua mkono wa kochi kwa kucha. Nilimtazama. Nilitaka aseme jambo dogo tu, kwamba mke wangu anaamka mapema kuliko jogoo kumpikia mama, kwamba anamwosha, kwamba anamchoma sindano. Akaacha kukwangua.

"Mimi pia nakula hichohicho," akasema. "Sijui. Labda mwili wa mama hauyataki."

Ni hayo tu. Mwanaume wa futi sita akasema maneno ya futi moja.

Uamuzi ukatoka. Sukari ya mama isiposhuka kufikia kliniki inayofuata, mimi ndiye nitakayejibu mbele ya ukoo mzima. Baba Mkubwa akamaliza chai iliyofiwa, akaomba nyingine.

*

Sasa nikiri jambo ambalo mwanamke aliyeolewa hatakiwi kulisema gazetini. Nilikuwa namwonea kinyaa mama mkwe.

Sisemi nilimchukia. Kumchukia mtu ni jambo la moyoni, linaweza kufichwa. Kinyaa ni cha tumbo, hakina adabu, kinapanda chenyewe hadi kooni. Kila asubuhi nilikuwa namfungua bendeji ikiwa imegandamana na ngozi, namimina maji ya chumvi kama nilivyofundishwa kliniki, na bendeji inaachia polepole ikivuta uzi wa usaha. Halafu inakuja ile harufu. Kama maua yaliyosahaulika kwenye maji ya wiki nzima. Inaingia kwenye nywele, kwenye mto, kwenye kikombe. Nilikuwa naenda kazini, nanusa viganja vyangu, naikuta.

Na yeye mwenyewe alikuwa ananitazama nikiosha, bila kusema asante, bila kusema pole.

"Mbona unageuza uso?" aliniuliza siku moja.

"Jua linanipiga machoni, mama."

"Dirisha liko nyuma yako."

Nikaendelea kuosha. Alikuwa mgonjwa wa miguu, macho yalikuwa mazima.

Asubuhi iliyofuata kikao niliingia chumbani kwake kutoa poo lake, chombo cha haja ndogo cha usiku. Alikuwa tayari ameketi barazani akiota jua. Nikainama kulichukua, nikaona sakafu inatembea.

Sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mmoja mweusi, wamepita chini ya kitanda, wamepanda poo na kuuzunguka mdomo wake kama watu waliozunguka karamu. Wengine walikuwa wameanguka ndani na kufa humo wakiwa wameshiba.

Nilisimama na lile poo mkononi. Kliniki walikwisha kutueleza kwamba sukari ikizidi mwilini hutokea kwenye mkojo. Na sisimizi hawana ubaguzi, hawaulizi asali imetoka wapi. Lakini mtu anayekula majani na dengu, akachomwa sindano kila siku, anatoa mkojo wa kuita sisimizi?

Nikaliweka poo chini. Nikaufuata ule mstari kwa macho. Haukuishia kwenye poo. Tawi lake moja lilipanda mguu wa kitanda.

Nikainua godoro.

Msomaji, kama unakula, weka sahani pembeni. Kulikuwa na mifupa ya kuku imefungwa kwenye soksi, imeota manyoya ya kijani. Kulikuwa na kopo la maziwa mazito ya sukari, limetobolewa, na mende wawili wamenasa mdomoni mwake, mmoja bado anapunga miguu. Kulikuwa na ngozi ya nyama ya mafuta, imekauka ikawa kama kiatu ninachokiona kiwandani. Na kulikuwa na keki. Vipande vya keki, vilivyokandamizwa na uzito wa mtu mzima hadi vikawa bamba, vimefungwa kwenye karatasi ya mistari ya waridi.

Karatasi ile naijua. Ni ya duka la wifi.

Nilikimbilia dirishani nikatapika chai yangu yote iliyofiwa. Kisha nikabeba kopo na mende wake, nikatoka nalo barazani.

"Mama, hiki ni cha nani?"

Akalitazama kopo. Akatazama barabarani.

"Panya."

"Panya ametoboa kopo kwa msumari?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

"Na keki je?"

"Nao wana watoto," akasema, akafumba macho kulipokea jua.

Sikumlazimisha, maana jibu nilikuwa nalo kwenye karatasi ya waridi. Wifi. Yule yule aliyekaa kwenye kochi langu akiniita mchawi wa sufuria. Anamletea mama yake sumu ya utamu, kisha anaita ukoo kuniuliza kwa nini mama anakufa. Nilimeza vidonge vyangu kwa hasira, chakula kikanishinda, nikaenda kazini nikiwa nimejipanga: jioni nitapita dukani kwake, nitampa kopo lake na mende wake mbele ya wateja.

*

Kantini yetu inalisha zamu nzima ya kiwanda. Siku hiyo ilikuwa ya nyama ya kukaanga. Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai pana kama beseni la kuogea, na mvuke wake ulikuwa unatua usoni, unapoa, unakuwa ngozi ya pili. Zamani harufu hiyo ilikuwa inanifanya nimeze mate. Tangu nianze kula mimea, kila kipande kinachogeuzwa nakiona kama kilivyo: misuli, mshipa, utelezi. Nilikuwa naonja mchuzi, natema kwenye sinki, nasukutua. Mpishi mkuu, tunayemwita Komando kwa jinsi anavyovaa aproni, alikuwa ananichukia kwa hilo.

"Mpishi anayetema chakula ni kama imamu anayesinzia kwenye swala yake mwenyewe," alipenda kusema.

Nilianza kutetemeka nikikata vitunguu. Nikadhani ni hasira. Jasho likanitoka, jasho baridi, likashuka mgongoni kama mtu ananimiminia maji kwa kijiko. Kisu kikawa visu viwili. Nikamsikia Komando akiniita kutoka mbali sana, na alikuwa amesimama karibu nami.

Nilianguka pabaya. Pembeni ya sinki huwa panakaa ndoo kubwa ya makombo, yanayochukuliwa na mfuga nguruwe. Mkono wangu uliingia humo hadi begani. Nilikuwa nimelala sakafuni, shavu kwenye maji ya vyombo, mkono wangu ndani ya uji wa mabaki ya jana, na kitu cha uvuguvugu kikawa kinanitambalia vidoleni. Nilitaka kuutoa. Mkono haukunisikia.

"Amelewa," Komando akasema. "Niliwaambia huyu na majani yake, anayachachusha."

Aliyeniokoa ni nesi wa kiwanda. Alinitoboa kidole, akasoma kipimo, akaagiza juisi ya machungwa yenye sukari nyingi. Mimi nikakaza meno. Sukari? Mimi?

"Fungua mdomo, mama," akasema. "Leo sukari ndiyo dawa yako."

Nikanywa. Dunia ikarudi mahali pake kidogo kidogo. Akanipa na mkate, akanitazama hadi nikaumaliza.

"Umekula nini asubuhi?"

"Sijala."

"Vidonge je?"

"Nimekunywa."

Akatikisa kichwa. "Sikiliza. Vidonge hivyo ulipewa sukari yako ikiwa juu. Sasa chakula chako kinafanya kazi, sukari imeshuka, na dozi ni ileile. Ukiongezea na tumbo tupu, unaanguka. Rudi kwa daktari wako aangalie upya dozi. Usipunguze mwenyewe, na usiache mwenyewe. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nililala kwenye kitanda chake cha plastiki, mkono unanuka makombo hadi begani, na nikajua habari njema kuliko zote: yale majani yalikuwa kweli. Sikuwa nimemlisha mama mkwe uongo. Mwili wangu ulikuwa umetoa ushahidi wake chini ya sinki.

Komando akasema niende nyumbani nisije nikamwangukia mchuzini. Nikaoga kwenye bomba la nyuma ya kantini, ile harufu ikabaki, nikaondoka.

*

Nilifika nyumbani mchana. Sikutarajiwa.

Kisanduku cha vifaa cha mume wangu kilikuwa mlangoni. Nikafikiri amerudi kumwangalia mama yake, na moyo ukanilainika, ndivyo tulivyo wajinga. Nikavua viatu. Nikasikia kicheko kikitoka chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa anacheka yeye, kicheko kirefu cha msichana, ambacho sikuwahi kukisikia tangu aje.

Nikasukuma mlango.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani kwa mama yake, sahani mapajani. Alikuwa anachambua nyama ya mafuta kwa vidole, anampa mama yake tonge, anakula yeye tonge. Mafuta yalikuwa yamemtapakaa hadi kwenye viwiko, yanang'aa kidevuni, yanadondoka kwenye shuka nililolifua mimi. Pembeni kulikuwa na soda iliyofunguliwa. Na kwenye mto, juu ya karatasi ya mistari ya waridi, keki nzima imechongwa upande kama mlima.

Alipaliwa. Mama yake akampigapiga mgongoni.

"Mama watoto," akasema alipoweza. "Leo umewahi."

Nilikuwa natazama kile kidevu. Kidevu nilichokibusu siku aliyoapa atakula ninachokula. Miezi yote ile alikuwa ananiangalia nikitafuna majani, anatafuna na yeye, anasema tamu mke wangu, halafu mchana anakuja kupiga mswaki kwa nyama.

"Keki umeitoa wapi?"

"Kwa dada. Ninamwambia ni ya mafundi wenzangu."

"Kwa hiyo wifi hajui."

"Hajui."

"Na jana kwenye kikao ulikuwa unajua."

Akaangalia sahani. Hata hapo mkono wake ulikuwa bado umeshika kipande cha nyama, hajui aurudishe au aule ushahidi.

"Mama alilia," akasema. "Wewe hujawahi kumwona mama analia. Analia kama mtoto, anataka kitu kitamu. Ningefanya nini?"

"Ungesema. Baba Mkubwa alikuuliza. Ungesema neno moja."

"Ningeonekanaje?"

Nilihisi ile juisi ya nesi inapanda. Nikaimeza.

Mama mkwe ndiye aliyesema, bila haya, akipangusa vidole kwenye kanga. "Usimgombeze. Nilimwomba mimi. Mwanangu hajui kuninyima."

"Mama, mguu wako unaoza."

"Najua. Mguu ni wangu." Akanitazama moja kwa moja. "Wewe unanipa majani kwa sababu unataka niishi. Yeye ananipa nyama kwa sababu ananipenda. Nani kakwambia hayo mawili ni kitu kimoja?"

Jibu nimelitafuta hadi leo ninapoandika, sijalipata, na hilo nalo linanichukiza.

Nikaenda kwenye mguu. Niliuosha asubuhi, bendeji ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa imelowa, ya manjano na kijani, na inzi alikuwa anaikalia kama mwenye hati ya kiwanja. Nikaifungua. Ule weusi uliokuwa kwenye kidole ulikuwa umepanda kwenye unyayo. Nilipogusa juu ya kifundo, ngozi ikafanya sauti ndogo ya kuchakarika, kama kukanyaga majani makavu. Paji lake la uso lilikuwa moto.

Mume wangu akaona. Sahani ikamponyoka. Akageuka ukutani akatapika nyama yake, na ule mchanganyiko wa harufu, matapishi na usaha na keki, ndio ninaolala nao hadi sasa.

"Mbebe," nikamwambia.

"Nani?"

"Mama yako. Tunaenda hospitali. Futa kidevu kwanza."

*

Walimlaza jioni ile. Asubuhi daktari wa upasuaji akatuita kando ya kitanda, mimi na mume wangu, na wifi aliyekuwa amefika akihema, unga bado kwenye nywele.

Daktari hakuzunguka. "Usaha umeingia kwenye mfupa na umeanza kupanda. Sukari ikiwa juu hivi, kidonda hakiponi, kinalishwa. Tunakata chini ya goti, leo. Tukisubiri, tutakata juu zaidi, au hatutakuwa na wa kumkata."

Wifi akashika ukuta. "Sukari juu? Si anakula majani huyu? Si ndiyo dawa yenu?"

"Mgonjwa amekuwa anakula nini hasa?" daktari akauliza.

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa nafasi. Nilihesabu pumzi zangu nikimsubiri, maana nilitaka atoke kwake, asitolewe na mimi. Alikuwa anatazama simu yake ambayo ilikuwa imezimwa.

Mama mkwe akainua kichwa kutoka kwenye mto. Midomo ilikuwa imekauka, sauti ilikuwa inatosha.

"Majani," akasema. "Asubuhi majani, mchana majani, jioni majani. Mke wa mwanangu amenimaliza."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Alikuwa anamtazama mwanawe, kwa upole, kama anayemfunika shuka.

Wifi akanigeukia. Sikupigwa, ingawa ningependelea kofi. Alinisogelea hadi nikanusa hamira kwenye pumzi yake, akatema mate. Yalitua kwenye kiatu changu, kiatu cha kiwandani kwetu, ngozi nzuri.

"Usikanyage msibani," akasema. "Akifa, usikanyage."

Nilitafuta kwenye mkoba kitambaa cha kufutia kiatu. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Nilikuwa nimechoka kuona majimaji ya ukoo ule, yanayotoka puani, yanayotoka vidondani, yanayotoka vinywani, na yote yananitua mimi.

Akaingia nesi wa wodi, mwanamke mfupi mwenye haraka, na nyuma yake msukuma machela. Wakamhamisha mama mkwe, wakamfunga mkanda.

"Akitoka huko," nesi akasema, "atahitaji mtu wa kukaa naye. Kusafisha kidonda, kumchoma sindano, kumpikia chakula kinachofaa. Safari hii chakula hakina mchezo. Nani?"

Wifi akasema duka halina mtu. Akasema na mgongo wake unamsumbua.

Mume wangu akasema ana mafriji ya watu, vyakula vitaoza. Alilitamka hilo neno, kuoza, bila kushtuka.

"Nani?" nesi akarudia.

Mkono ukatoka chini ya shuka la machela, kidole kimoja kimenyooka. Kilinielekea mimi.

"Huyu," mama mkwe akasema.

Wifi akakodoa macho. "Mama. Si ndiye aliyekumaliza?"

"Ndiye anayejua kuosha," akasema mama mkwe, na akafumba macho kana kwamba jambo limekwisha.

Kuna kicheko cha furaha na kuna kicheko cha kutapika. Kilichonitoka kilikuwa cha pili. Nesi akarudi hatua moja.

"Nitakaa naye," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyoitaka. "Nitamwosha na nitampikia, na atakula majani hadi ayazoee. Lakini sitafanya hivyo nikiwa mwuaji. Wifi, mimi usiniulize chochote. Muulize kaka yako jana mchana nilimkuta chumbani kwa mama anafanya nini. Muulize na keki za mafundi wenzake zinaenda wapi."

Wifi akageuka taratibu. Unga ulikuwa unamdondoka mabegani.

"Kaka?"

Mume wangu akaangalia machela kama mtu anayeangalia basi la mwisho likiondoka. Msukuma machela, ambaye hakulipwa kusikiliza mambo ya ukoo, alikuwa ameshaanza kusukuma. Magurudumu yakalia. Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka yenyewe, na baridi ya dawa ikatupiga usoni.

"Kaka, ninakuuliza. Ulikuwa unafanya nini?"

Ndipo mkono wa mama mkwe ulipotoka tena, ukashika nguzo ya mlango, ukaing'ang'ania. Machela ikayumba, ikakwama.

"Simamisheni," akasema. "Nikilala humo huenda nisiamke, na kuna neno halijatoka."

Nesi akaangalia saa, akaacha. Wifi akainama hadi uso wake ukakaribia wa mama yake. Mume wangu akarudi nyuma akagusa ukuta.

Mama mkwe akamtazama mwanawe. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu sikuweza kusoma machoni mwake ni nani anayetaka kumfunika shuka.

"Jana mchana," akaanza.

Itaendelea toleo lijalo.